Kabla ya Kubishana Kuhusu Albamu, Jueni Mnasikiliza Toleo Lipi

Kwa miaka kadhaa sasa, sisi watu sita wa Kisumu tumekuwa tukikutana Jumapili alasiri katika nyumba moja mtaani Milimani ili kusikiliza roki ya progresivu, yaani ule muziki uliochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, ambamo kipande kimoja kinaweza kujaza upande mzima wa santuri, kikabadilisha mwendo mara nyingi na kuchanganya gita la umeme, kinanda, kwaya na ngoma. Tulipoanza, vikao vyetu viliharibika mara kwa mara kwa ubishi usio na mwisho, na ilituchukua muda kutambua kwamba hatukuwa tukipingana juu ya muziki mmoja.

Nakumbuka siku tuliposikiliza Hergest Ridge, albamu ya pili ya mwanamuziki Mwingereza Mike Oldfield. Mzee wetu, ambaye sote humwita Jaduong', alikuwa akieleza jinsi vyombo vinavyopandana katika sehemu ya pili, na kijana aliyekaa karibu na spika akamkatiza kwa upole.

"Jaduong', samahani, hicho unachokisema mimi sikisikii hapa."

"Mwanangu, santuri hiyo nimeisikiliza tangu kabla hujazaliwa."

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Jaduong' aliizoea santuri ya mwaka 1974, na kijana alikuwa ameileta CD iliyotokana na mchanganyo wa sauti uliofanywa mwaka 1976. Oldfield hakuridhika na kazi ya kwanza, akaichanganya upya kwa ajili ya mkusanyo wa santuri nne ulioitwa Boxed, kisha akataka mchanganyo huo mpya ndio utumike katika matoleo yaliyofuata. Ndiyo maana waliozinunua CD zake kwa miaka mingi hawakuwahi kuusikia ule wa 1974, hadi ulipotolewa tena mwaka 2010. Mwongozo huu umetokana na kikao hicho, na nimeuandika kwa ajili ya yeyote mwenye marafiki wawili watatu, awe Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma, anayetaka kufuatilia kazi za mwanamuziki mmoja kwa makini.

Anzeni na mwanamuziki mmoja tu

Msirukeruke. Chagueni mtu mmoja, zipangeni albamu zake kwa mfuatano wa miaka, na mzisikilize moja baada ya nyingine hata kama baadhi hazisifiwi. Kwa wanaoanza mimi hupendekeza Oldfield, kwa sababu kazi zake zina kila aina ya toleo mtakayokutana nayo baadaye kwa wanamuziki wengine, na kwa sababu msikilizaji wa huku kwetu ana pa kuingilia.

Mlango wa kwanza ni urefu wa vipande. Tubular Bells, albamu yake ya kwanza, ilitoka tarehe 25 Mei 1973 akiwa ametimiza miaka 20 siku kumi tu zilizotangulia, na ndiyo albamu iliyoifungulia njia kampuni ya santuri ya Virgin. Ina vipande viwili tu, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila kimoja kikizidi dakika 20. Mtu aliyekulia kwenye benga, muziki wa magita wa huku kwetu, haoni ajabu hapo, kwani santuri ndogo za benga nazo ziligawa wimbo mmoja katika pande mbili, gita likakatika mwisho wa upande wa kwanza na wewe ukainuka kugeuza santuri ili uchezaji uendelee. Sababu ni ileile katika hali zote mbili: mfereji wa santuri una mwisho wake, na mwanamuziki hulazimika kuamua pa kukatia. Msikilizeni Oldfield mkiwa na swali hilo, mkiuliza kwa nini alisimama pale aliposimama, na mtaelewa mengi kuhusu muundo wa kazi yake kuliko kwa kusoma sifa zilizoandikwa kwenye jalada.

Mlango wa pili ni ngoma. Katika Ommadawn, ya mwaka 1975, ngoma zinapigwa na kundi la Jabula, Waafrika Kusini waliokuwa London wakiongozwa na Julian Bahula. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza, gita linapopanda juu ya ngoma hizo, mimi huomba watu wanyamaze kabisa. Sijasikia mahali pengine katika muziki huu ambapo ngoma ya Kiafrika imepewa nafasi ya kubeba kilele chote badala ya kuwekwa kando kama pambo.

Mambo manne yanayochanganywa kila siku

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu maneno yanayoandikwa kwenye majalada huvutia macho lakini hayaelezi sawasawa kilichofanyika. Kuna kutoa tena, kusafisha upya, kuchanganya upya na kurekodi upya. Watu wa fani huiita hatua ya pili rimasta na ya tatu rimiksi, na wauzaji wengi huzitaja zote kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwetu tunayaeleza kwa samaki. Kutoa tena ni kupakua mchuzi uleule kwenye sahani nyingine: sauti haikuguswa, kilichobadilika ni jalada, karatasi na bei. Kusafisha upya ni kuupasha moto mchuzi uleule na kuongeza chumvi au kupunguza mafuta, maana fundi huichukua kanda iliyokwisha kuchanganywa na kurekebisha besi, ukali wa sauti za juu na kiwango cha kelele, bila uwezo wa kuliondoa gita moja na kuliacha jingine. Kuchanganya upya ni kurudi jikoni, ambako nyanya, vitunguu na samaki bado viko kila kimoja kwenye chombo chake: fundi hufungua kanda ya njia nyingi, ambamo kila chombo cha muziki kimehifadhiwa peke yake, akaamua upya nani asikike mbele na nani nyuma. Kurekodi upya ni kuteremka tena ufukweni Dunga asubuhi kununua samaki mwingine kabisa.

Tubular Bells yenyewe imepitia karibu yote haya. Ilichanganywa upya kwa mfumo wa spika nne katika Boxed ya 1976. Oldfield mwenyewe akaichanganya tena kwa toleo la mwaka 2009. Kabla ya hapo, mwaka 2003, alikuwa ameirekodi upya nzima kwa vifaa vya kisasa, na nafasi ya Vivian Stanshall, aliyekuwa akitaja vyombo mwishoni mwa sehemu ya kwanza na ambaye alikuwa amefariki mwaka 1995, ikachukuliwa na mwigizaji John Cleese. Mtu anayesema "Tubular Bells ina sauti baridi" anapaswa kuulizwa kwanza anaisemea ipi. Mimi, baada ya kuzisikiliza zote, bado naona ile ya 2003 ni safi mno. Makosa madogo ya kijana aliyepiga karibu kila chombo peke yake ni sehemu ya uhai wa ile ya kwanza, na yalipoondolewa kitu fulani kiliondoka nayo.

Msidhani kwamba kipya ni kibaya daima. Kwa albamu ya kwanza ya bendi ya King Crimson, ya mwaka 1969, mambo yalikuwa kinyume: kanda asilia za stirio zilikuwa zimepotea, matoleo ya CD ya awali yakatengenezwa kutoka kwa nakala za vizazi vya baadaye, na ni baada ya kanda hizo kupatikana ndipo toleo bora lilipotoka mwaka 2004. Mwaka 2009 Steven Wilson, mwanamuziki na fundi wa sauti, alishirikiana na Robert Fripp, mpiga gita wa bendi hiyo, kuichanganya upya. Aliye na CD ya miaka ya 1980 ana kitu cha zamani zaidi dukani, lakini kilicho mbali zaidi na studio.

Kuna pia matoleo yaliyokatwa. Incantations, ya mwaka 1978, ilikuwa na santuri mbili, na ilipohamishiwa CD mara ya kwanza sehemu ya tatu ilipunguzwa kwa dakika kadhaa ili yote ienee kwenye diski moja. Kwa hiyo andikeni muda wa kila kipande na mlinganishe na ule wa santuri asilia. Dakika zinazokosekana hazisikiki, huonekana kwenye saa.

Jinsi ya kulitambua toleo mlilo nalo

Anzeni na namba ya katalogi kwenye lebo na kwenye uti wa jalada. Tubular Bells ya kwanza ya Uingereza, kwa mfano, ina namba V2001. Kisha inamisheni santuri kwenye mwanga na msome herufi na tarakimu zilizochongwa katika nafasi tupu kati ya mwisho wa muziki na lebo, kwa maana hizo hutaja bamba lililotumika kuichapa na haziongopi kirahisi kama jalada, ambalo huenda lilihamishwa kutoka santuri nyingine. Santuri za mitumba, hasa zinazopatikana katika soko la Kibuye siku ya Jumapili, mara nyingi zimebadilishana majalada, na nimewahi kulipia santuri moja nikafika nyumbani na nyingine. Siku hizi siondoki kabla ya kuichomoa na kuisoma.

Kwenye CD, tafuteni herufi P ndani ya duara. Hiyo huonyesha mwaka wa haki ya rekodi yenyewe, ilhali C ndani ya duara huhusu jalada na maandishi. Zikiwa na miaka miwili tofauti, ule wa P ndio wa kufuatwa mnapozungumzia sauti.

Kwenye huduma za kusikilizia muziki mtandaoni kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu huduma nyingi huonyesha mwaka wa albamu ilipotoka mara ya kwanza hata kama sauti inayochezwa ilisafishwa au kuchanganywa miongo kadhaa baadaye. Teremkeni hadi chini kabisa ya ukurasa wa albamu, msome mstari wa haki, na mwangalie kama jina la kipande limeongezewa mwaka. Pasipo na maelezo yoyote, andikeni "toleo halijulikani" na msilitumie kama ushahidi dhidi ya mtu mwenye santuri mkononi.

Kulinganisha bila kudanganywa na masikio

Sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa, na matoleo mengi yaliyosafishwa tangu miaka ya 1990 yamekandamizwa ili yasikike kwa nguvu zaidi, hata pale mtunzi alipotaka unong'ono. Msiposawazisha sauti, toleo jipya litashinda kila mara katika dakika ya kwanza, halafu litawachosha katika dakika ya kumi na tano bila ninyi kujua sababu. Tumieni programu ya simu inayopima desibeli, iwekeni simu mahali wanapokaa wasikilizaji, chezeni kipande kilekile cha sekunde 30 kutoka kila toleo na mrekebishe kitufe cha sauti hadi vipimo vilingane.

Baada ya hapo mmoja wenu, ambaye siku hiyo hatatoa maoni, acheze matoleo bila kuyataja. Sehemu za dakika mbili hadi tatu zinatosha kwa kulinganisha. Kwa kuhukumu, sikilizeni upande mzima. Kila mmoja aandike alichosikia kabla ya yeyote kufungua mdomo, kwa kuwa mkubwa akizungumza kwanza, vijana humfuata kwa heshima na ushahidi wao hupotea. Jaduong' mwenyewe ndiye aliyependekeza kanuni hii, na huwa anazungumza wa mwisho.

Spika mbili za kawaida zilizowekwa sawasawa hutosha. Stima ikipotea katikati ya upande, rudieni upande huo tangu mwanzo. Muziki huu umejengwa juu ya kurudi kwa sauti zilizosikika mapema, na aliyekatiwa hawezi kuusikia mrejeo.

Kuhusu ununuzi nitasema machache. Nauli ya kusafirisha santuri moja kutoka Uingereza yaweza kuizidi bei yake, na juu ya hapo kuna ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kwa hiyo agizeni pamoja. Zikifika, zihifadhini zikiwa zimesimama wima, mbali na dirisha la magharibi, maana jua la Kisumu hupinda santuri kwa alasiri moja, na unyevu wa ziwani huotesha ukungu kwenye majalada yaliyobanwa ukutani.

Matamasha yaliyofutwa yaandikwe pia

Vikundi vingi huorodhesha matamasha yaliyofanyika na kusahau yale yasiyofanyika. Hilo ni kosa, kwa sababu tamasha lililofutwa laweza kueleza kwa nini albamu ilipokelewa kama ilivyopokelewa. Steven Wilson alikuwa atoe albamu yake The Future Bites Juni 2020. Janga la korona likaisogeza hadi Januari 2021, na ziara iliyopangwa kuisindikiza ikafutwa. Aliporudi jukwaani mwaka 2022 alikuwa na bendi yake ya zamani, Porcupine Tree, yenye nyimbo zake yenyewe. Anayeijadili albamu hiyo bila kujua kwamba haikupata ziara yake atadhani mwenyewe aliikimbia.

Tofautisheni maneno. Kuahirishwa ni kusogezwa mbele, na kwa kawaida tiketi hubaki halali. Kufutwa ni mwisho wa tamasha lile, na fedha zinapaswa kurudi. Kuhamishwa ni kubadilisha ukumbi au mji. Ziara ya mwisho ya bendi ya Genesis inafaa kujifunzia: ilipangwa mwaka 2020, ikaahirishwa zaidi ya mara moja, ikaanza Septemba 2021, ikasimamishwa Oktoba baada ya maambukizi ya korona ndani ya bendi, na matamasha ya London yakasogezwa hadi Machi 2022, la mwisho likifanyika tarehe 26. Mtu aliyeandika "lilifutwa" Oktoba 2021 alikosea, na aliyeitupa tiketi yake alikosea zaidi.

Katika daftari, andikeni tarehe ya tangazo, aliyelitoa na sababu aliyoitaja, kwa maneno yake. Dhana zenu ziwekeni kwenye safu nyingine au muziache kabisa, hasa panapotajwa ugonjwa: mwanamuziki akisema haumudu ukumbi kwa sababu za afya, hilo linatosha, na si kazi ya mashabiki kutafuta jina la ugonjwa wake. Andikeni pia matamasha yaliyonusurika. Tarehe 25 Juni 1973, Oldfield alikuwa apige Tubular Bells katika ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, London, na hofu ilimshika hata akataka kujitoa. Richard Branson, mwenye kampuni ya Virgin, alimshawishi kwa kumwahidi gari lake aina ya Bentley. Ninapousikiliza ukimya wa Oldfield wa miaka iliyofuata, ambapo hakuzunguka na ziara kubwa hadi 1979, siku hiyo hunisaidia kumwelewa.

Upande wa fedha ni wa kwetu sote. Mwenzetu mmoja aliwahi kupanda basi la usiku kutoka Kisumu hadi Nairobi, safari ya kilomita 350 hivi, akafika na kuukuta ukumbi umefungwa. Tangazo lilikuwa limetoka jioni akiwa njiani. Fedha za tiketi alirudishiwa baada ya wiki nyingi za kufuatilia, lakini nauli na malazi hakuna aliyevijibu. Tangu siku hiyo tunafuata utaratibu mmoja. Tiketi hununuliwa kwa muuzaji aliyetajwa na ukumbi wenyewe, nauli hukatwa mwisho kabisa na, ikiwezekana, kwa kampuni inayoruhusu kubadilisha siku, na aliyebaki nyumbani hukagua matangazo na kumpigia simu msafiri kabla basi halijapita Nakuru, ambapo bado anaweza kushuka na kurudi mapema.

Hifadhini ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala pamoja na picha ya tangazo la kufutwa, kwa sababu tangazo laweza kuondolewa. Dai lipelekwe kwa maandishi kwa aliyeipokea fedha, likitaja tarehe, kiasi na namba hiyo. Msitegemee huduma ya kurudisha muamala, ambayo iliwekwa kwa ajili ya fedha zilizotumwa kwa mtu asiyekusudiwa. Asipojibu, itajeni Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 katika barua ya pili, na malalamiko yanaweza kufikishwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia masuala ya walaji.

Daftari lenyewe

Letu ni la kurasa kubwa, kama yale ya hesabu za duka. Kila albamu ina kurasa mbili zinazotazamana: upande wa kushoto matoleo, yakiwa na mwaka wa kurekodiwa, mwaka wa kuchanganywa, mwaka wa kusafishwa, namba ya katalogi na mwenye nakala, upande wa kulia maoni ya siku ile na matamasha yaliyoisindikiza, yaliyofanyika na yasiyofanyika. Tunatumia wino kwa yaliyothibitishwa na penseli kwa yanayosubiri.

Ukurasa wa Ommadawn una mstari ninaoupenda. Katika safu ya kurekodiwa tumeandika kwamba kazi ya kwanza iliharibika, kwa sababu dawa ya sumaku ilianza kubanduka kwenye kanda na Oldfield akalazimika kuirekodi upya sehemu ya kwanza nyumbani kwake Herefordshire. Chini yake kijana wetu ameandika kwa penseli: "Je, kuna kipande kilichobaki cha ile ya kwanza?" Jumapili ijayo tutafungua toleo la mwaka 2010, tusome maelezo yake yote kwa sauti, na kama jibu limo tutaufuta mstari huo na kuuandika kwa wino.